Msumeno Mmoja na Tupa Moja

Ulimi wa kwanza wa maungio ya mbao, yaani ile ncha ya ubao inayopunguzwa iingie kwenye tundu la ubao mwingine, niliukata kwa msumeno wenye mgongo, ule wenye ukanda mzito juu ya ubamba wake, nao ulikwenda upande. Nilikuwa nimechora mistari kwa mahati, kifaa cha kuchorea mistari sambamba na ukingo, pande zote, nimeubana ubao kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na mstari wa mbele niliufuata mpaka chini bila kuuacha. Nilipougeuza ubao nikaona ya nyuma: mkato ulikuwa umeingia ndani ya ulimi kwa milimita tatu hivi. Nikakata wa pili taratibu zaidi. Ukaingia ndani, upande uleule. Wa tatu vilevile.

Wiki kadhaa nilijilaumu. Nilibadilisha namna ya kusimama, nikabadilisha namna ya kushika mpini, nikainua kiwiko, nikakishusha. Mwishowe nilimpelekea seremala mmoja mzee ule msumeno pamoja na vipande vitatu vilivyoharibika. Hakuniuliza nasimamaje. Alivipanga vipande mezani, akavitazama kimoja kimoja, akasema: "Mwanangu, mkono ukikosea, leo hukosea kushoto, kesho kulia. Hivi vyote vimekosea kulia. Hebu lete jiwe la kunolea."

Akaulaza msumeno mezani. Akapitisha jiwe laini ubavuni mwa meno, upande wa kulia, toka kwenye mpini hadi ncha, mara moja tu, bila kukandamiza, uzito wa jiwe lenyewe ndio uliofanya kazi. Akakata kipande cha majaribio, akakitazama. Akapitisha jiwe mara ya pili. Akakata tena, na safari hii mkato ukashuka wima kama uzi wa timazi.

Dakika tano hazikufika, na hapakuwa na kitu cha kununua. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue msumeno gani wa maungio kwa fedha kidogo aliyo nayo, nami humuuliza kwanza kama yuko tayari kununua na tupa. Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kilichokuwa kinatokea pale ni hiki. Meno ya msumeno hayakai kwenye mstari mmoja. Jino moja hulazwa kidogo kushoto, linalofuata hulazwa kulia, hivyohivyo mpaka mwisho, ili mkato uwe mpana kuliko bapa, ule ubamba wa chuma wenye meno, na msumeno usibanwe ndani ya mbao. Mafundi huita kutanua meno. Msumeno mzuri wa maungio una bapa la unene wa nusu milimita hivi, na meno hutoka nje kwa sehemu ya kumi ya milimita kila upande, au pungufu ya hapo. Ni kiasi kidogo mno, jicho halikioni bila kutafuta mwanga. Lakini meno ya upande mmoja yakitoka nje zaidi ya wenzao, upande huo hula zaidi, na msumeno wote huvutwa kwenda huko. Unaweza kuwa na mkono wa dhahabu, bado utavutwa. Jiwe lilichofanya ni kupunguza yale yaliyozidi.

Misumeno ya bei nafuu ina ndugu wa tatizo hili, nao hukutana na watu wengi zaidi: meno yaliyotanuliwa kupita kiasi pande zote mbili. Msumeno uliotanuliwa hivyo haubanwi hata kwenye ubao wenye unyevu, kwa hiyo kwa kazi za jumla hauna lawama. Kwenye maungio ni mateso. Bapa hucheza ndani ya mkato kama mguu mdogo ndani ya kiatu kikubwa, mstari unayumba, na unga unaotoka ni mwingi kuliko kazi inayofanyika. Dawa yake ni karatasi. Kunja karatasi ya kawaida ya kuandikia ili ifunike meno pande zote mbili, tia meno katikati ya midomo laini ya jiliwa ya chuma, bana, legeza, sogeza, bana tena mpaka ufike mwisho wa bapa. Karatasi hiyo ina unene wa sehemu ya kumi ya milimita hivi, na mtanuo unaobaki hukaribia hapo. Msumeno uliokuwa unatafuna huanza kukata. Ila usifanye hivyo kwa meno yaliyokomazwa sana kiwandani, ambayo nitayaeleza mbele kidogo. Hayo hayapindi, huvunjika.

Sasa nirudi nyuma, kwenye meno yenyewe, maana hapa ndipo fedha ya watu wengi hupotea. Mtu ananunua msumeno mzuri wa kukatia, anautumia kupasulia, kisha anasema msumeno ni mbaya.

Mbao ni fungu la nyuzi. Unapofuata nyuzi unapasua. Unapozikingama unakata. Jino la kupasulia hunolewa moja kwa moja, kwa pembe mraba na bapa, na mbele yake husimama karibu wima, kwa hiyo kila jino ni patasi ndogo inayochimba mwisho wa nyuzi na kutoa chembe. Jino la kukatia hunolewa kwa mshazari mpaka liwe na ncha kama kisu. Ncha za kushoto huchanja upande wao, za kulia wao, na zile nyuzi za katikati hutoka zikiwa zimekwisha kukatwa pande zote mbili. Ukipasua kwa meno ya visu utafika, lakini utafika umechoka, kwa sababu visu vinachanja mahali ambapo hapana cha kuchanja. Kinyume chake si kibaya kiasi hicho. Meno ya kupasulia yakiwa madogo, mabonde yake yakiwa membamba, yanakata kukingama nyuzi vizuri kabisa. Yanaacha mikwaruzo kidogo ukingoni, na mikwaruzo hiyo huzuiwa kwa kisu kabla msumeno haujagusa ubao.

Tazama sasa maungio yana nini ndani yake. Mashavu ya ulimi, zile pande zake pana, ni kupasua. Mabega yake, pale ulimi unapoanzia, ni kukata. Mkia wa njiwa, ungio la vipande vinavyopanuka kama mkia wa ndege, ni kupasua karibu wote, hata kama mkato umeinama. Kwa hesabu hiyo, mwenye uwezo wa kununua msumeno mmoja tu anunue wenye meno ya kupasulia. Hapo sina shaka hata kidogo.

Ushauri wa kawaida ni misumeno mitatu yenye mgongo. Mdogo wa mikia ya njiwa, urefu wa inchi 8 hadi 10, ncha za meno 14 mpaka 20 kwa kila inchi, meno ya kupasulia. Wa kati wa mabega na mikato ya kukingama, inchi 10 hadi 12, ncha 12 mpaka 14, meno ya kukatia. Mkubwa wa ndimi, inchi 14 hadi 16, ncha 10 mpaka 12, meno ya kupasulia. Ushauri huu ni wa kweli, nami leo ninayo yote mitatu. Lakini kwa anayeanza na mfuko mwepesi, kuigawa fedha mara tatu ni kupata misumeno mitatu dhaifu. Aiweke yote kwenye mmoja wa kati: inchi 12, ncha 12 mpaka 14, meno ya kupasulia, na bapa lenye kina cha milimita 60 au zaidi chini ya mgongo. Kina hicho kina maana sana, kwa sababu mgongo ndio kikomo. Ukifika kwenye mgongo, msumeno hauendi tena. Kwenye msumeno mdogo wa mikia ya njiwa, kina huwa milimita 40 au 50, na ulimi mrefu utakushinda katikati ya safari.

Neno kuhusu kuhesabu ncha, kwa sababu linachanganya. Kuna wanaohesabu ncha na kuna wanaohesabu meno mazima. Ukihesabu ncha ndani ya inchi moja unajumuisha ile ya mwanzo na ile ya mwisho, kwa hiyo ncha 14 ni sawa na meno 13. Tofauti si kubwa, ila uijue usije ukadhani unauziwa kitu kingine.

Idadi hiyo ina kazi gani? Kati ya jino na jino kuna kibonde, na kibonde ndicho kinachobeba unga mpaka utoke nje ya ubao. Ubao wa milimita 18 ukikatwa kwa ncha 14, meno yapatayo kumi yamo ndani kwa wakati mmoja, na vibonde vinafika nje kabla havijajaa. Huo ni mwendo mzuri. Chukua sasa ulimi wenye upana wa milimita 50: meno zaidi ya 25 yamo ndani, vibonde vinajaa katikati ya ubao, na meno yanabaki yakiteleza juu ya unga wao wenyewe. Ndiyo maana msumeno wa ndimi una meno makubwa. Mwenye msumeno mmoja hujisaidia kwa kuanzia kona. Kata kwa mshazari kutoka kona ya mbele, geuza ubao, kata kutoka kona ya pili, halafu malizia pembetatu iliyobaki katikati. Ubao unaokatwa kwa wakati mmoja unakuwa mfupi, na ile mikato miwili ya mwanzo inakuwa reli ya mkato wa mwisho. Siku hizi nina msumeno mkubwa na bado nakata hivyo.

Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa magogo unaovutwa na watu wawili, huo kweli hukata mbele na nyuma. Wa kwenye benchi hukata upande mmoja tu, na upande huo ni uamuzi wa kwanza wa mnunuzi. Misumeno ya Ulaya na Marekani hukata ukisukuma. Ya Japani hukata ukivuta.

Bapa likivutwa hunyooka lenyewe, kama kamba. Likisukumwa linataka kukunjika, kwa hiyo lazima liwe nene au libebwe na mgongo mzito. Hiyo ndiyo sababu dozuki, msumeno wa Kijapani wenye mgongo, unaweza kuwa na bapa la milimita 0.3, na mkato wake ukawa mwembamba kama mstari wa penseli. Kuna pia ryoba, usio na mgongo, wenye meno pande zote mbili: upande mmoja wa kupasulia, wa pili wa kukatia. Kwa fedha ndogo, ryoba inampa mtu mambo mawili kwa wakati mmoja, tena ikitoka dukani inakata siku hiyohiyo bila kuguswa. Niliitumia moja miaka miwili na ilinifanyia kazi nzuri.

Lakini misumeno mingi ya Kijapani ya bei nafuu ina meno yaliyokomazwa kwa umeme kwa muda mfupi sana. Utaitambua kwa ncha za meno: zina rangi ya bluu iliyoiva, karibu nyeusi, na rangi hiyo inaishia palepale kwenye meno. Ugumu wake unazidi wa tupa. Yanakaa na makali muda mrefu sana, halafu siku yakiisha yameisha. Hapo unabadilisha bapa, na gharama inaanza upya. Tena meno ya kukatia ya Kijapani ni marefu na membamba, kwenye mbao ngumu sana au kwenye fundo lililokauka yanaweza kukatika mawili matatu kwa mpigo. Kwa hiyo nasema hivi: kama mbao zako ni laini na hutaki kabisa habari ya kunoa, nunua ryoba na usisikilize wanaoibeza. Kama mbao zako ni ngumu, au kama unataka chombo cha kukaa nacho, chukua msumeno unaokubali tupa.

Misumeno ya plastiki mpinini, ile ya kazi za jumla, nayo siku hizi mingi ina meno ya bluu. Mmoja unafaa kuwa nao kwa kukatia mbao vipande kabla ya kazi ya maungio, ili ule mzuri usichoke kwa kazi za ovyo. Ukishakuwa butu, bapa lake usilitupe. Likikatwa vipande linatoa vikwangulio safi vya kulainishia mbao na visu vya kuchorea.

Kujua kama meno yanakubali tupa ni rahisi. Gusa jino la mwisho karibu na mpini kwa ukingo wa tupa. Ikishika na kutoa vumbi la chuma, yanakubali. Ikiteleza kama juu ya kioo, acha.

Kuna njia nyingine ya fedha ndogo, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote: msumeno wa zamani. Chuma cha misumeno ya zamani kina historia ndefu. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, huko Sheffield nchini Uingereza, alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu mpaka kikawa sawa toka mwanzo hadi mwisho, na mji ule ukawa mama wa visu na misumeno. Mwaka 1840 Henry Disston alianzisha karakana yake ya misumeno Philadelphia, Marekani, ambayo ilikua ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya misumeno duniani, na familia yake iliendelea nayo mpaka ilipouza biashara mwaka 1955. Kabla ya misumeno ya umeme kutawala, watu walioishi kwa msumeno wa mkono walikuwa wengi, na chombo kibaya kisingepata mnunuzi wa pili. Ndiyo maana msumeno wa miaka mia moja iliyopita unaweza kuwa bora kuliko mpya wa bei ileile.

Wengi hutazama jina kwenye kile kisahani cha shaba mpinini. Likiwapo jina kubwa, muuzaji naye anajua, na bei inapanda. Utakutana na visahani vilivyoandikwa "Warranted Superior" tu bila jina la kiwanda. Viwanda vikubwa vilitia visahani hivyo kwenye misumeno yao ya daraja la pili, na mingi kati yake ni chombo kizuri kinachodharauliwa. Wangu wa kati ni wa namna hiyo.

Nikiushika msumeno wa zamani, kwanza nauinua machoni na kutazama mstari wa meno kutoka kwenye mpini, kama mtu anayekagua mshale. Bapa lililopinda kama upinde, taratibu toka mwanzo hadi mwisho, linaweza kurekebishwa. Bapa lenye kunjo kali mahali pamoja, ambalo limewahi kubanwa likakunjwa, naliacha hapohapo. Kwenye msumeno wenye mgongo, bapa likionekana lina wimbi, usikate tamaa upesi. Mara nyingi bapa limeshikwa tu kwa kubanwa na mgongo, na msumeno ukianguka kwa ncha, bapa husukumwa juu upande mmoja na kubenuka. Ukigonga mgongo kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao ili urudi mahali pake, wimbi huondoka mbele ya macho yako. Mara ya kwanza kuliona hilo likitokea nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Kutu ya juujuu, nyekundu, huondoka kwa msasa na mafuta. Vishimo vya kutu ni jambo jingine. Vikiwa katikati ya bapa havina neno. Vikiwa karibu na meno, kila utakaponoa utakutana na shimo mahali ambapo makali yanatakiwa kukaa, na jino hilo litakuwa dhaifu maisha yake yote. Mpini uliopasuka unaungwa kwa gundi. Skrubu zilizolegea hukazwa. Meno mabutu, hata yaliyopotea mawili matatu, hayanitishi, kwa sababu meno ndiyo kitu pekee kwenye msumeno ambacho tupa inaweza kukizaa upya.

Kwa anayetaka mpya na hataki kutafuta, wapo watengenezaji waliopunguza gharama mahali pasipoumiza. Veritas ya Kanada, kwa mfano, haikutumia mgongo wa shaba kwenye misumeno yake midogo. Mgongo wao ni wa plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa chuma kisichoshika kutu na nyuzi za kioo, na unatosha kulibeba bapa na kutia uzito. Shaba inapendeza, naipenda pia, ila mbao haijui mgongo ni wa nini.

Mpini upewe dakika moja. Mkono ushike kwa vidole vitatu, kidole cha shahada kinyooke kuelekea mbele kando ya bapa. Kidole hicho ndicho kinachouonyesha msumeno njia. Mpini wa bei nafuu huwa na kingo kali zinazochoma kiganja, na mtu anayechomwa hukaza mkono, na mkono uliokazwa hupotosha mkato. Zungushia kingo hizo tupa ya mbao na msasa mpaka kiganja kikae kwa raha. Ni kazi ya jioni moja na matokeo yake hayaonekani kwenye picha, lakini utayahisi.

Sasa kunoa. Hapa watu hurudi nyuma, wakidhani ni elimu ya siri, na hapa ndipo hasa napenda kukaa, kwa sababu meno ya kupasulia ni rahisi kunoa kuliko patasi.

Bana bapa kati ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, meno yatokeze juu kidogo tu. Yakitokeza sana, bapa litapiga kelele na tupa itarukaruka. Weka taa ya chini kando, mwanga uje kwa mshazari. Chukua tupa bapa, ipitishe juu ya ncha zote kwa urefu wa msumeno, mara moja au mbili, mpaka kila jino lipate kitone kinachong'aa juu yake. Hatua hii inafanya meno yote yawe na kimo kimoja. Vile vitone ndio ramani yako.

Halafu tupa ya pembe tatu. Chagua ambayo upana wa ubavu wake unazidi kidogo mara mbili ya kina cha jino, ili pembe zake tatu zitumike zote bila kuingiliana. Kwa ncha 14 hiyo ni tupa nyembamba sana, kama penseli au chini yake. Itie kwenye kibonde, ilikingame bapa kwa pembe mraba na iwe mlalo. Sukuma mara moja, mpaka mwisho, inua, rudi. Usiirudishe ikiwa imegusa meno, unaiua. Kitone cha mbele ya kibonde kinapungua, cha nyuma nacho kinapungua. Kibonde cha kwanza kimege nusu ya kitone, kibonde kinachofuata kimege nusu iliyobaki. Kitone kinapotoweka tu, acha. Jino lile limekuwa kali, na kila msukumo wa ziada unalifanya fupi kuliko majirani zake.

Mbele ya jino isimame wima kabisa au ilale nyuma kidogo? Likisimama wima hukata haraka lakini kuanza kwake ni kugumu, msumeno unarukaruka ukingoni. Likilazwa nyuma digrii 5 hadi 8 linaanza kwa upole. Anayeanza alilaze. Baadaye, kila anaponoa, anaweza kulisimamisha kidogo kidogo mpaka mkono wake useme inatosha.

Msumeno wa inchi 12 wenye ncha 14 una meno kama 156. Ukisikia idadi hiyo unachoka kabla hujaanza. Lakini kila kibonde ni msukumo mmoja au miwili, na baada ya vibonde ishirini mkono unapata mwendo wake, na masikio yanaanza kusaidia: tupa ikikata vizuri ina sauti moja nzito, ikiteleza sauti inapanda. Nikinoa sasa nusu saa inatosha. Mara ya kwanza ilichukua alasiri nzima, na nilipomaliza nikaona jino kubwa, jino dogo, jino kubwa, jino dogo, mstari mzima. Nilikuwa nimekandamiza tupa upande mmoja wa kibonde kuliko mwingine. Nilisikitika, nikaita tena tupa bapa, nikasawazisha ncha, nikaanza upya nikifuata vitone badala ya kuhesabu misukumo. Zikatoka sawa.

Tanua meno pale tu yanapohitaji. Baada ya kunoa mara tatu au nne mtanuo bado unatosha kwa kazi ya mbao kavu. Wengi hutanua kila wanaponoa, na ndio wanaorudi kulalamika kwamba msumeno unatafuna.

Nilisema mikwaruzo ya kukingama nyuzi huzuiwa kwa kisu. Chora bega kwa kisu, ukiegemeza kwenye skwea, mara mbili tatu mpaka kina kiingie. Kisha kwa patasi ondoa kijisehemu chembamba upande wa taka, yaani ule utakaotupwa, ukielekea kwenye mstari. Utapata mfereji mdogo wenye ukuta mmoja wima. Bapa linakaa kwenye mfereji huo kama limetengenezewa, na ukingo unaobaki ni ule uliokatwa na kisu. Kizuizi cha kukatia, yaani kipande cha ubao chenye papi moja chini ya kushika ukingo wa meza na nyingine juu ya kuegemeza kazi, hutengenezwa kwa mabaki ya mbao. Paka bapa mshumaa pande zote mbili kabla ya kuanza. Hivyo tu.

Wiki iliyopita nilinoa ule msumeno wangu wa kati, nikapima bapa lake kwa mara ya kwanza tangu niupate. Nilipoupata lilikuwa na milimita 71 chini ya mgongo. Sasa zimebaki 68 karibu na mpini, na 67 kwenye ncha, kwa hiyo nimekuwa nikikandamiza tupa zaidi nikifika mwisho. Nikaweka alama ya kalamu kwenye mgongo pale kosa linapoanzia, nilikumbuke safari ijayo. Kisha nikabana ubao na kukata ulimi wa milimita 45. Nikaugeuza. Mstari wa nyuma ulikuwa mzima, nusu yake bado unaonekana ukingoni mwa mkato, toka juu mpaka kwenye bega.